Jina Ambalo Sikuliita

Thika,
14 Septemba 1996.

Kwa ndugu yangu Gachanja,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako Nyawira. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kitale na kwamba baridi ya huko haijakuonea. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma mwenyewe. Mama anasumbuliwa na miguu, lakini ulimi bado ni mkali, namshukuru Mungu.

Bado nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja kidogo hapa mjini. Mwezi jana nililetewa mwanafunzi mpya, mzee mpole aitwaye Muthoka. Alikuwa amejifunza lugha ya zamani, ile ambayo ukitaka kurudia jambo lazima uhesabu: anza na moja, ongeza moja, ukifika mwisho acha. Lugha ninayofundisha sasa haitaki hivyo. Unaweka vitu vyako kwenye orodha, unafunga maagizo machache ndani ya mabano, na hayo ndiyo tunayaita bloku. Kisha unaikabidhi orodha hiyo bloku. Orodha yenyewe inaipitisha kwa kila kitu, kimoja kimoja, na kila kitu kinajijibia. Muthoka akanung'unika kwamba asipohesabu, atajuaje kama hakuna kilichorukwa.

Nikacheka, nikamwambia huo ndio ulikuwa utaratibu wa kwetu Gitothua. Unakumbuka cucu, bibi yetu, alivyokataza wajukuu wake kuhesabiwa, eti ni kuita mabaya? Kila tukiondoka mahali, mimi kifungua mimba niliita majina, na kila mmoja akajibu kwamba amefika. Muthoka akaelewa papo hapo, akaomba aone.

Basi nikaandika mfano. Kwenye orodha niliweka mimi, wewe, Waceke, Njau na Jackie. Ndugu yetu Ndung'u sikumweka, maana unajua kwetu jina hilo halitajwi tena. Bloku ilikuwa fupi tu: kila mtoto aitwe, naye ajibu "Nimefika." Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Majibu matano yakatokea. Chini yake ukatokea mstari wa sita: "Mimi sijaitwa."

Nilidhani mzee ananichezea, lakini mikono yake ilikuwa magotini. Tukapekua programu yote, maneno hayo hayamo popote. Nikazima mashine, nikaandika upya kila herufi. Wakajibu watano, kisha huyo wa sita. Mara ya tatu Muthoka akavua kofia, akaniuliza polepole huyo ni mtoto wa nani.

Gachanja, sasa nisome vizuri. Siku ile tuliyoenda kuogelea kwenye machimbo ya mawe, miaka kumi na mmoja iliyopita, nilimwambia Mama kwamba nilimwita Ndung'u na akaitika. Kwa hivyo kama alirudi majini akazama, kosa lilikuwa lako wewe uliyetembea nyuma ukaacha kumwangalia. Wote waliniamini. Baba alikuchapa mbele ya waombolezaji, na ulipomaliza shule ukaondoka, hukurudi hata Baba alipozikwa. Ukweli ni kwamba sikumwita. Mvua ilianza, nikawaita Waceke na Njau, nikambeba Jackie, nikakimbia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliogopa. Baadaye niliuzoea uongo, nikakuacha uubebe. Najionea haya, ndugu yangu, nasikia uchungu usiosemeka.

Jana nilimweleza Mama yote. Hakulia. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akafungua mlango, akaniambia nisikanyage kwake mpaka wewe uwe umekaa mezani. Nakuandikia nikiwa chumbani kwa jirani.

Siombi uje kwa ajili yangu. Lakini leo asubuhi Jackie ameniambia kwamba Mama ameamka akiuliza magari ya Kitale hufika saa ngapi.

Wasalimie wa nyumbani mwako, ambao hatujapata kuwajua.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,
Nyawira.