Mkono wa Yule Mzee Pichani

Salma, kipenzi cha bibi,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Babu yako kanunua mbuzi mwengine sokoni Nizwa, huku Oman, na mbuzi keshamlia kofia yake.

Picha uliyoipiga kwenye makumbusho huko London nimeiona: mzee wa Kihindu wa zamani, kajipaka majivu mwili mzima, mkono mmoja kaunyanyua juu kwa ibada, hakuushusha miaka na miaka. Unaniuliza, "Bibi, huyu alikuwa na akili timamu?"

Nilipokuwa mdogo Unguja, jirani yetu Jamnabai alikuwa na picha kama hiyo ukutani. Siku moja mimi na binti yake, Lila, tukashindana kumuiga. Tulianza kwa kicheko. Mara bega likawaka moto, mkono ukawa mzito kama gunia la tende, na Lila akaangukia sinia la unga wa chapati. Akainuka mweupe, kama yule mzee!

Mama yangu alikuja kunichukua, akacheka hadi machozi. Kisha akaitazama picha, naye akanyanyua mkono. Alipoushusha, akamuuliza Jamnabai kwa adabu, "Huyu bwana alikuwa anaomba nini?"

Jibu sikulisikia, nilikuwa nampangusa Lila unga. Dini ya mzee yule si yetu, na akili yake siwezi kuipima. Lakini wewe rudi pale, usimame mbele yake, unyanyue mkono. Ukishachoka, ndipo uniulize tena.

Bibi yako,
Kutoka Ibra, Oman