Ncha ya Uzi

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Duka la Dawa.
12 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Dawa zako unazinywa kwa saa zake? Na chakula unakula? Nakujua, ukinuna unasahau kula. Sisi ni wazima, ila cherehani yako imeanza kuwekewa vikapu juu na sipendi kuiona hivyo.

Yule bibi harusi mwenye mabega mapana alikuja kujaribu gauni. Mikono imembana, akakuulizia. Nikamwambia umekwenda kupumzika.

Sasa nije kwenye lililokuondoa. Nilidhani nimekuudhi mimi, kumbe ni Redio, binti yetu asiyefunga mdomo. Nilimbana juzi akanieleza akilia. Kila ulipolainisha uzi kwa mate, ukautunga kwenye sindano na kumpa, yeye aliikata ile ncha iliyolowa akatunga upya. Ukaona, ukafunga begi.

Na ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza shuleni katika maswali ya UKIMWI! Nikamuuliza kama mate yanaambukiza.

"Hayaambukizi, mama. Wala kikombe, wala kukumbatiana."

"Sasa uzi ulikukosea nini?"

"Najua yote hayo. Ila nikiushika naogopa tu."

Hasira zilinipanda, nikatamani kumfinya. Lakini aliendelea kusema. Kumbe wenzake wakishatoka darasani, mzaha wao ni huo huo: fulani kakonda, msikalie kiti chake. Naye hucheka nao asije akachekwa. Siku ile ulipoondoka hakula. Redio nzima imezima, nyumba imepooza hadi naona kero.

Mdogo wangu, umeumia na una haki. Mimi pia nimeumia kwa ajili yako. Lakini mtoto akikunyea kiganja, hukikati.

Nisalimie shangazi hapo kwake, na mapacha wake watundu. Fundi viatu wa jirani anakusalimu sana. Mungu akupe afya na akutulize moyo.

Nilitaka kukuombea radhi humu, Redio akakataa. Amesema aliyekosa ni yeye, na atasema mwenyewe. Ndiye aliyekukabidhi barua hii. Njia nzima atakuwa akiyapanga maneno, na najua akikuona yatampotea yote. Kama bado amesimama mlangoni, acha kusoma, mwite ndani.

Dada yako akupendaye siku zote,
Mama Redio