Mgeni Tuliyempa Maji ya Chumvi

Kwa mama yangu mpenzi, kisiwani Ngumi.

Assalamu aleikum. Naubusu mkono wako kwa mbali, mama. Mguu umepoa? Na kikohozi cha baba je? Wale watu wa bunduki wangali wakija kuchukua samaki, au wamewaacha mkapumua? Nakuuliza yote kwa pumzi moja kwa sababu kukaa kumenishinda. Barua hii nimeianza jikoni, nikahamia mlangoni, sasa naandika nimesimama.

Huku kambini, nje kidogo ya Mombasa, kinachotuumiza ni maji. Kisima tulichochimbiwa kiko karibu mno na bahari, maji yake chumvi tupu. Zainabu wangu anaharisha tangu Idi, amebaki macho. Na bomba la maji matamu linapita pale barabarani, tunaliona, ila hatuna ruhusa ya kuligusa.

Basi tukasikia wakubwa wa shirika la wakimbizi wanakuja kututazama, waamue kama tutaletewa bomba au la. Mama, unatujua. Mgeni anakuja! Nani atakubali aibu? Tukafanya kikoa: nyumba hii mchele, hii samli, ile nazi. Mume wangu Omari akaenda kuomba nguru kwa wavuvi anaowajua. Watoto wakavishwa nguo za Idi, mikeka mipya ikatandikwa, udi ukafukizwa. Maji ya kunywa tukanunua ya mkokoteni, tukayatia ndimu. Hapana aliyetaja shida. Utamlilia vipi mgeni, na sahani iko mbele yake? Wakala, wakashiba, wakatusifu. Mwenyekiti wetu, Mzee Lali, akawaambia, "Alhamdulillahi, hatujambo."

Hazikupita siku nyingi jibu likaja. Kambi yetu ina nafuu, bomba litapelekwa kwa wenye shida zaidi.

Loo! Niliicheka ile pilau yetu mpaka nikalia. Nikamwambia Omari tumejiponza kwa samli yetu wenyewe. Akanikemea, "Ulitaka tuwe ombaomba?" Tukanuniana. Barazani wanaume wote walisema kama yeye, kwamba fedheha ni mbaya kuliko kiu. Ndipo akaingia Bi Rukia, yule mkunga wa Kismayu aliyetuzalisha wengi njiani tukikimbia. Hakuitwa, aliingia tu.

"Maji si sadaka," akasema kwa lahaja yetu ya visiwani. "Ni haki ya kila mchu. Na mtaro tutachimba wenyewe, mikono tunayo. Waiteni tena. Safari hii hakupikwi kitu."

Mzee Lali akauliza, "Sasa wapewe nini?"

"Wapewe tunachokunywa."

Nani wa kubeba sinia? Kila mwanamke akatazama chini. Nikasema mimi. Nilisema kwa hasira, nikajuta papo hapo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mgeni hupewa kilicho bora, hata mwenyeji akilala na njaa. Siku ilipofika nikateka maji ya kisimani, nikayajaza gilasini bila ndimu, nikabeba sinia. Niliona haya, mama, haya ya kutaka ardhi inimeze.

Mkubwa wao akapokea, akapiga funda moja. Akalazimisha, akameza, akatabasamu. "Asante mama. Mazuri."

Kumbe naye ana adabu zake! Tulikuwa tunaelekea kule kule kwa 'hatujambo'. Nikasikia mdomo wangu ukisema, mbele ya wanaume wote, "Usituonee haya, bwana. Haya ndiyo anayokunywa mtoto wangu. Sema kweli."

Omari akainamisha kichwa. Yule bwana akaitazama gilasi, akaiweka chini.

"Hayanyweki," akasema.

Bi Rukia akapiga kigelegele kana kwamba mtoto amezaliwa. Basi wakaketi mkekani wakazungumza nasi hasa, mpaka alasiri: bomba lipite wapi, nani atautunza mfereji, na wanawake waingie kwenye kamati. Hilo la mwisho lilizua kelele ungedhani ni ugomvi wa mirathi.

Juzi mabomba yamekuja, ila hayatoshi, yameishia msikitini. Mengine tumeahidiwa. Wanaume wanachimba kwa zamu, Omari naye yumo. Hajanisifu, lakini jana alirudi na matope mpaka magotini akauliza, "Mwenye ulimi mkali, chakula tayari?" Zainabu hajapona bado. Kila nikimaliza kazi nakwenda kuuchungulia mtaro, kama kwamba kuutazama kutauharakisha.

Barua hii anaileta shemeji Athmani, anapitia Kiunga na Ras Kamboni. Nisalimie baba, na dada yangu mshona kofia, na mjomba fundi wa mashua, na jirani yetu aliyeninyonyesha ulipokuwa mgonjwa. Mwambie simsahau.

Nawe mama, kila salamu inayonifikia kutoka kwako husema, "Hatujambo, tuko salama." Vita vyote hivi, nyinyi hamjambo tu. Mimi si mgeni wako. Safari hii niambie mnakula nini.

Mwanao,
Mwanahawa