KICHWA CHA NG'OMBE NA BIMA YA GARI LA RRE RADIPATI

CHAMA CHA MAZISHI CHA IPELEGENG, SHOSHONG
Kikao cha dharura, Jumapili 23 Juni 2024, saa 8:10 mchana, uani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Mma (Bi.) Kelebonye Ntsima (Mwenyekiti), Rre (Bw.) Oteng Radipati, Mma Seabe Thuso, Galefele Moatlhodi (Katibu) na wanachama wengine 14.
Mwalikwa: Rre Lesego Bagwasi, afisa wa bima.
Hakuhudhuria: Mweka Hazina (yuko kwenye mifugo, udhuru ulipokelewa).

KUMB. NA. 1/06/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaomba watu wasipige kelele. Ombi lilizingatiwa kwa dakika nne.

KUMB. NA. 2/06/2024: AJALI
Mma Seabe alieleza kwamba tarehe 9 Juni, siku moja baada ya kumzika kaka yake, alikuwa akirudisha masufuria ya chama kwa gari aliloazimwa na mjomba wake, Rre Radipati. Alimkwepa punda, akagonga gari la mwalimu lililokuwa limeegeshwa. Magari yote mawili yaliharibika.

Rre Bagwasi alieleza kwamba bima humlinda aliyeazimwa gari, lakini si aliyelikodi. Rre Radipati mwenyewe alijaza kwenye fomu kwamba kwa ajili ya gari alipewa kichwa cha ng'ombe. Ofisi ilihesabu hayo kuwa malipo, hivyo hailipi, na mwalimu atamdai Mma Seabe. Mma Seabe alisema hana kitu ila ng'ombe wanne.

KUMB. NA. 3/06/2024: KICHWA
Katibu aliomba kusoma daftari lake binafsi: "Jumamosi 8/6. Ng'ombe wa maziko kachinjwa alfajiri. Kichwa kapewa Rre Radipati, mjomba wa marehemu. Kalalamika ni kidogo."

Wanachama walisimama. Rre Bagwasi aliuliza kama mjomba hupewa kichwa hata akija kwa miguu. Walijibu wote kwa pamoja kwamba ndiyo, ni haki yake ya desturi, hivyo haikuwezekana kuandika jibu la kila mmoja.

Rre Radipati alipinga. Alisema kichwa kile kilikuwa cha gari; cha ujomba bado anadai.

"Mjomba, vichwa viwili kwa marehemu mmoja?" aliuliza Mma Seabe.

"Kile kilikuwa cha ndama! Kichwa cha mjomba hujaza sufuria."

"Basi kaendeshe hilo sufuria," alisema Mwenyekiti, "maana gari huna."

Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Katibu alikuwa ameshayaandika.

KUMB. NA. 4/06/2024: UAMUZI
Rre Radipati alimuuliza Mma Seabe ni ng'ombe gani hao wanne. Aliwataja mmoja mmoja. Wa tatu ni yule mwekundu ambaye Rre Radipati alimpa siku alipoolewa.

Rre Radipati alimgeukia Katibu, akasema: "Andika. Kichwa kilikuwa cha ujomba. Nimekipokea. Sidai kingine." Alitia sahihi mbele ya Rre Bagwasi, ambaye alimpigia simu mkuu wake hapo hapo, kwa spika ili wote wasikie. Mkuu alikubali: bima italipa gari la mwalimu na la Rre Radipati. Vigelegele vilipigwa hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Rre Radipati aliomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba, hata hivyo, kichwa kilikuwa kidogo. Imeingizwa.

Watu walitawanyika saa 9:35 alasiri.

K. Ntsima, Mwenyekiti ..................
G. Moatlhodi, Katibu ..................