Jenereta Haipandi Mlima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usome polepole kwa sababu mimi nikiandika ndiyo naongea, nikiongea nanyamaza, shuleni tunasoma kwa lugha mbili na zote mbili hunikaukia mdomoni watu wakinitazama.

Baba ni dereva wa lori, likizo yake huja kama mgeni asiyepiga hodi, na kila ikija tunakwenda nayo kwa baba mkubwa, tunakaa sebuleni kwake tukitazama televisheni yake badala ya yetu. Safari hii baba akasema mezani, "Mwaka huu achague huyu, hajawahi kuomba kitu." Wote wakanigeukia, nami bila kujua sauti imetoka wapi nikasema, "Mlimani. Tukalale kwenye hema." Mshauri, wakakubali. Nilikwenda bafuni nikacheka peke yangu ndani ya taulo.

Kesho yake nikampigia askari wa hifadhi, akaniambia, "Gari mnaliacha getini, binti. Mnapanda kwa miguu, asubuhi mpaka adhuhuri kama hamna haraka. Juu kuna uwanja wa majani, kijito na nyota. Bomba hakuna, umeme hakuna, maji mtachemsha, choo mtachimba wenyewe, na taka zenu mnashuka nazo." Nikapapenda zaidi. Shida ni kwamba nyumbani nilisimulia kijito na nyota tu.

Mama ni mpishi wa sherehe, hajui kupikia watu wanne, anajua kupikia ukumbi, na sasa sebuleni kuna sufuria ambayo naweza kuoga ndani yake. Aliuliza, "Jiko lipo?" nikasema mahali pa kupikia papo, yaani mawe matatu. Baba ameazima jenereta kwa jirani fundi wa kuchomelea ili dada yake asikose feni, akauliza, "Gari linafika?" nikasema linafika, kwani getini si linafika. Huyo dada yake ndiye shangazi tunayeishi naye, fundi cherehani, haendi popote bila kiti chake cha plastiki chenye mto alioushona mwenyewe, anasema, "Magoti yangu ni ya kuazima, mwenyewe asije akayadai huko mlimani." Juzi tukiwa wawili jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na choo je, mwanangu?" Nikamjibu, "Nafasi ni kubwa, shangazi." Akanishika shavu, akasema nina akili ya kupanga.

Kila siku mzigo unaongezeka na watu wanafurahi, baba anapiga mluzi, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Nikisema ukweli tutarudi kwa baba mkubwa na hakuna atakayeniambia nichague tena, nisiposema tutasimama getini na jenereta. Nifanyeje?

Mkimya wa Ghorofa ya Nne

*

Mkimya,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kazi, ya pili kwa kicheko. Sasa nikukaripie kidogo. Hukusema neno la uongo hata moja, na umewadanganya wote watatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imeshapimwa, inaishia getini.

Unadhani wanafurahi kwa sababu ya feni na sufuria? Baba yako alikubali kabla hujataja kijito. Alikubali kwa kuwa umeomba. Mtu aliyengoja miaka yote asikie unachotaka hawezi kukukimbia kwa sababu ya bomba la maji.

Kwa hiyo leo, wakiwa mezani, sema sentensi moja: "Gari linaishia getini, kuanzia hapo tunabeba." Ukishindwa, iandike, uisome ukitazama sahani. Mdomo uliosema "mlimani" ni huo huo, haukukodiwa.

Wakianza kubisha, usijibizane nao. Unaishi ghorofa ya nne na lifti hukuitaja, nadhani haipo. Waambie mfanye mazoezi: kila mtu achukue anachotaka kwenda nacho, ashuke nacho mpaka chini, apande nacho mpaka mlangoni, kisha arudie. Ngazi zitaongea kwa niaba yako, tena kwa lugha ambayo nyote mnaielewa. Sufuria ile haitaona ghorofa ya pili. Mama yako atatafuta ndogo mwenyewe, na mpishi hashindwi na mawe matatu. Jenereta nayo baba atairudisha kwa jirani akidai kwamba alikuwa anaijaribu tu. Mwachie heshima yake, usicheke mbele yake.

Shangazi yako ni habari nyingine. Yeye umwambie kwanza, jikoni mlemle, kabla ya meza. Mtu mzima hashtukizwi na shimo la choo. Umuulize magoti yake kwa dhati, na mzaha wake usiuchukue kama jibu. Akisema hayawezi, mpigie askari tena uulize kama kuna uwanja wa karibu zaidi. Akisema yataweza, muondoke alfajiri na mpande kwa mwendo wake, si kwa mwendo wa baba anayepiga mluzi.

Hema, chakula, sufuria ndogo ya kuchemshia maji, jembe dogo, nguo za baridi, mfuko wa taka. Vingine vyote vibaki vikilinda nyumba.

Isipokuwa kimoja. Kile kiti cha plastiki, na mto wake, lazima kifike juu. Tafuta kamba imara ukifunge mgongoni, kwa sababu utakibeba wewe.