Rangi Nilizoloweka Kama Maharage

Mwalimu wangu Ma Jeni,

Umeshalala kaburini kwenu Kishanda. Habari za msiba wako zilinikuta matanga yameshaisha, mimi nikiwa huku Dodoma nabeba zege. Najua barua hii haina wa kuipokea. Lakini wiki hii nimepata nafuu, na wewe ndiye niliyetaka ajue kwanza.

Unakumbuka ulivyotufundisha rangi za maji pale Izigo, darasa la tano? Kijisanduku kimoja cha vidonge vikavu, ulikinunua mwenyewe Bukoba mjini, darasa zima tunapokezana brashi. Ulisema tuanze na rangi nyepesi, tungoje ikauke, ndipo tuweke nzito. Nyeupe haipakwi, unaiacha karatasi yenyewe. Mimi nikajaza ziwa lote bluu, ukacheka, ukaniita kwa Kihaya chetu: "Sasa jua litamulika wapi, waitu?"

Siku uliyonipa kijisanduku nikutunzie, nilivigusa vile vidonge nikaona ni vigumu kama maharage. Nyumbani kwetu kitu kikavu kinalowekwa. Nikavitia vyote kwenye bakuli la maji ili kesho yake uvikute vimelainika. Nilitaka unisifu. Asubuhi nikakuta uji mmoja wa rangi ya tope.

Sikuja shule siku hiyo, wala iliyofuata. Ukaja nyumbani. Nilijibanza katikati ya migomba nikakusikia unamwambia mama, "Sikuja kumpiga. Tope lake tumechorea udongo na ng'ombe, limetosha darasa zima. Mwambie arudi." Mama aliita mpaka sauti ikakauka. Sikutoka. Kila siku niliyokaa iliifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi, mwisho nikaenda visiwa vya ziwani kuanika dagaa. Shule ikaishia hapo. Watu huwa nawaambia tulikosa sare na madaftari. Uongo. Ilikuwa aibu tu.

Sasa sikia. Tunajenga madarasa kwenye shule moja huku. Jumanne watoto wa darasa la tatu walikuwa wanachora nje, kwenye kivuli cha ukuta wetu. Binti mmoja, Neema, akapiga teke ndoo ya kuoshea brashi, maji machafu yakamwagikia picha za wenzake. Wakamzomea. Mwalimu wao, kijana mgeni kazini, akafoka kuliko wao. Mtoto akakimbilia nyuma ya lundo letu la kokoto.

"Rudi kwa wenzako, mama," nikamwambia.

"Sirudi. Shule yenyewe siji tena."

Niliweka karai chini, nikanawa saruji, nikamshika mkono tukaenda wote. Vibarua wenzangu wakaanza: "Nyie Wahaya bwana! Hata kwenye zege lazima mmoja awe profesa!"

Niliwaacha wacheke. Nikamwomba mwalimu ruhusa, nikaonyesha kama ulivyotuonyesha: brashi safi, iliyokaushwa kwa kitambaa, unaigusisha tu kwenye dimbwi, inanyonya maji yenyewe. Usisugue, karatasi itachanika. Picha nyingi zilipona. Zilizobaki na madoa nikawaambia hayo ni mawingu ya mvua, huku Dodoma mnayahitaji. Wakacheka. Neema alikaa pembeni kabisa, lakini alikaa.

Jumatano sikufanya kazi ya maana, macho yalikuwa getini. Wenzake waliingia wote, yeye hayupo. Nikasema basi, amekwenda kama mimi. Kengele imeshagongwa ndipo akatokea, anakimbia, kiatu kimoja mkononi. Akanipita, kisha akarudi.

"Fundi, leo tukichora, ndoo naishika mimi. Nimemwomba mwalimu, amekubali."

Nikasimama na karai tupu nikimtazama mpaka alipoingia darasani. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, siumwi popote.

Kazi hii ikiisha nitafika Kishanda kwanza, kabla ya kwenda kwetu. Kwa leo nakuaga hapa, goti likiwa chini.

Mwanafunzi wako wa Izigo