Mikarafuu Tisini na Sita

Mkunazini,
Unguja.
9 Februari, 1957.

Mpendwa mdogo wangu Machano,

Assalaam alaykum. Hali yako vipi na hiyo baridi ya London? Kile kikohozi kimekuacha? Kama bado, chemsha tangawizi nilokupelekea, usiionee haya harufu yake mbele ya wenyeji wako. Sisi huku wazima. Mama yako, Bi Mize, goti linamsumbua lakini ulimi uko palepale, alhamdulillahi. Ndugu yetu Tabia kahamia Chwaka kwa mumewe, na nyumba imepooza.

Jaku wa Bi Khamisa karudi na meli juma lililopita. Hata hajabadilisha nguo, kaja moja kwa moja kwetu na habari yako. Ati umeingia kwenye mchezo wa televisheni, watu wanaulizwa hesabu na kujibu kwa kichwa, bila karatasi wala kalamu, nawe ukawashinda wote! Kakuona kwa macho yake, kwenye televisheni ya huko wanakolala mabaharia. Nilipiga kigelegele kabla ya mama yako. Nani alokufunza hesabu za kichwa, Machano? Si mimi, tukichambua karafuu ukumbini, ukikosa nnakufinya sikio?

Jaku akaendelea. Mwisho wa mchezo uliambiwa nawe umtege yule bwana mwenye kuuliza. Ukamtegea mirathi: mtu kafa, kaacha mke, mtoto mmoja wa kiume, binti mmoja, na mikarafuu tisini na sita. Bwana wa watu akatoka jasho. Ukajibu mwenyewe: mke kumi na miwili, binti ishirini na minane, mwana hamsini na sita. Watu wakapiga makofi, na huku kwetu pia wakapiga.

Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini. Mikarafuu tisini na sita ni ya baba yetu, shambani Kidichi. Nimeihesabu naye mwenyewe. Mke ni Bi Mize. Mwana ni wewe. Binti ni Tabia. Mimi niko wapi?

Nikapiga hesabu palepale. Mke ana thumni yake, fungu moja katika manane, haibadiliki. Tukiwa mabinti wawili, kila mmoja apata ishirini na mmoja, nawe arubaini na miwili. Basi fungu langu umelichukua: kumi na minne kwako, saba kwa Tabia. Hesabu safi kabisa, mwanafunzi wangu.

Bi Mize alikiona kikombe changu chini. Akanambia, "Mwanakheri, kahawa yako inapoa," na hakunitazama usoni.

Usinambie ulifupisha ili Waingereza wafahamu. Aliyefahamu binti mmoja angefahamu wawili. Wala usinambie ni mchezo tu. Baba ana mwaka kaburini na shamba halijagawiwa, kwa sababu mimi, mimi huyu, nilisema mbele ya kadhi tukungoje wewe, hutomdhulumu mtu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini sikujua kama mtu anaweza kufukuzwa kwa televisheni.

Najua tumechangia baba tu. Najua mama yangu aliachwa kabla wewe hujazaliwa. Lakini neno hilo sikulisikia kinywani mwako hata siku moja, ndiyo maana nikakupenda kuliko wote. Nimelia, Machano, sikufichi. Ulipowahesabu watoto wa baba, ama ulinisahau, ama ulinikumbuka ukaniruka. Sijui lipi baya zaidi.

Jaku anakusalimu sana, na mama yake pia. Tabia hajui kama nakuandikia, usimlaumu. Bi Mize anasema uvae soksi mbili. Nami namwomba Mola akukinge na kila shari, akurejeshe salama. Hilo naliomba kila sala, hata sasa.

Na kwa kuwa umeshakuwa bingwa, nakutegea moja, usishike karatasi. Marehemu Silima bin Borafya aliacha watoto wangapi? Jibu liandike kwa mkono wako.

Bado nikupendaye,
dada yako,
Mwanakheri binti Silima